Hamu ya Sigara Baada ya Kuacha: Yanayosemwa Mwaloni na Yaliyo Kweli

Anayeacha sigara hapa Mwanza huacha akiwa katikati ya wavutaji: kwenye mtumbwi wa dagaa, kwenye kijiwe cha kahawa, au mbele ya genge ambalo sigara huuzwa moja moja. Ushauri wa kwanza anaoupata hutoka kwa wenzake ambao bado wanavuta. Wengi wao wanamtakia mema, lakini baadhi ya maneno yao ndiyo yanayomrudisha kwenye sigara kabla hata wiki haijaisha.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba arosto, yaani hamu kali na usumbufu wa mwili uliokosa sigara, haiishi mpaka uvute. Ukweli ni kwamba hamu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe, na kwa kawaida wimbi moja halizidi dakika chache, mara nyingi kati ya 3 na 5, hata kama mtu hakugusa kitu. Mvutaji haamini hivyo kwa sababu hajawahi kuisubiri ipite. Kila iliponyanyuka aliwasha, nikotini, yaani kilevi cha tumbaku, ikafika ubongoni ndani ya sekunde zisizozidi 20, naye akahitimisha kwamba bila sigara hamu ile ingedumu usiku kucha. Kiasi cha nikotini katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, na ndiyo maana saa chache tu baada ya sigara ya mwisho mwili huanza kudai: hasira za haraka, kushindwa kutulia, njaa, usingizi wa mang'amung'amu. Dai hilo huwa kali zaidi siku ya 2 na ya 3, na kwa walio wengi hupungua sana ndani ya wiki 3 au 4. Kwa hiyo anayeteseka siku ya tatu asidhani kwamba hivyo ndivyo maisha yake yatakavyokuwa. Yuko mahali pagumu kuliko pote katika safari nzima.

Dakika tano hizo zinahitaji mikono iwe na kazi. Aliye ziwani ana maji ya kuchota mtumbwini na kamba za kupanga. Aliye nchi kavu anaweza kunywa maji polepole, kutafuna kipande cha muwa, au kutembea kwa mwendo wa haraka, kwa kuwa mazoezi hata mafupi hupunguza hamu kwa muda. Ningependa wavuvi wa dagaa wazingatie jambo moja ambalo washauri wengi hawalifikirii: siku za mbalamwezi, mitumbwi inapopumzika na watu wakakaa kambini bila shughuli, zinaweza kuwa ngumu kuliko siku za giza. Ni vyema mtu azipangie kazi mapema.

Wavuvi hao hao husema kwamba sigara hufukuza baridi ya usiku. Nalielewa neno hili, maana upepo wa ziwani saa tisa usiku si wa mchezo, lakini mwili hufanya kinyume chake. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu iliyo kwenye ngozi, hasa ya vidole, hivyo damu yenye joto hupungua mahali pale pale panapohitaji joto. Koti zito, kofia na chai ya moto kwenye chupa hufanya kazi ambayo sigara haijawahi kuifanya.

Wapo pia wanaosema kwamba sigara hutuliza mawazo, na kwamba mwenye shida nyingi hapaswi kuacha mpaka shida zipungue. Mvutaji hupata utulivu kweli anapowasha, hilo silikatai. Lakini sehemu kubwa ya utulivu huo ni kuondokewa na arosto ambayo sigara iliyotangulia ndiyo iliyoileta. Deni hulipwa, kisha hukopwa upya. Uchambuzi wa tafiti 26 uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la BMJ ulionyesha kwamba walioacha walipungukiwa na wasiwasi, huzuni na msongo wa mawazo kuliko walioendelea kuvuta.

Hapa kahawa nayo inastahili kutajwa. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka, kwa hiyo aliyeacha akiendelea kunywa vikombe vile vile hubaki na kafeini nyingi zaidi mwilini, moyo ukamwenda mbio na usingizi ukapaa, naye akadhani arosto imezidi. Apunguze vikombe kwa nusu hivi, na kwa wiki za mwanzo ahame kijiwe ikiwezekana.

Dhana nyingine huja baadaye, na huumiza kwa sababu humkuta mtu akiwa ameanza kujiamini: "Miezi mitatu imepita na hamu imerudi, basi damu yangu imeshazoea, siwezi." Hamu ya wakati huo haitokani tena na upungufu wa nikotini, bali na kumbukumbu. Mtu aliyezoea kuvuta kila anaposubiri kivuko cha Kamanga ameufundisha ubongo wake kwamba honi ya kivuko na harufu ya maji ni dalili ya sigara, na ubongo hausahau somo hilo kwa siku moja. Kila anapovuka bila kuvuta, dalili hiyo hupoteza nguvu kidogo. Pombe huamsha kumbukumbu hizo kuliko vitu vingi, na wakati huo huo hulegeza nia.

Kubadilisha sigara kwa ugoro au tumbaku ya kutafuna si kuacha: nikotini ni ile ile, na tumbaku hiyo husababisha saratani ya kinywa. Shisha nayo ni moshi wa tumbaku.

Kwa upande mwingine, si kweli kwamba anayetumia bandiko au jojo za nikotini amebadilisha uraibu mmoja kwa mwingine. Dawa hizo hutoa nikotini polepole, bila lami na bila hewa ya kaboni monoksidi, kisha hupunguzwa hatua kwa hatua. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza dawa mbili za kusaidia kuacha sigara, bupropioni na vareniklini, ambazo huhitaji daktari. Mjamzito na mwenye maradhi ya moyo waanze kwa kumwona daktari.

Limebaki neno la pafu moja, yaani kuvuta sigara mara moja tu. Wenzako watakwambia halina neno, na baada ya kulivuta watakwambia umeshaharibu, kwa hiyo maliza pakiti. Yote mawili si kweli. Pafu moja huamsha hamu iliyokuwa imeanza kulala, na wengi waliorudi kuvuta walianzia hapo. Lakini siku ulizokaa bila sigara hazijafutika. Tupa zilizobaki saa ile ile, kumbuka ulikuwa wapi na nani, na kabla ya kurudi mtumbwini mwombe unayepanda naye asikupe tena hata ukimwomba.