UPS na redio ya sebuleni: umeme unasafika wapi hasa?

Mzee mmoja wa Temeke alinipigia simu jioni. Ana santuri nyingi za muziki wa dansi, ana ampli (kikuza sauti) ya zamani ambayo ukiinyanyua unahisi uzito wa transfoma, na alikuwa amenunua UPS, boksi lenye betri la kushikilia umeme ukikatika, ya ukubwa wa VA 650, baada ya kuambiwa kwamba itamsafishia umeme. "Fundi, nimechomeka kila kitu kwenye UPS, lakini mvumo uko palepale. Tena umeme ukikatika, ampli yenyewe inalia, hata spika nikizichomoa."

Swali lake naulizwa karibu kila mwezi, kwa hiyo naliandikia hapa.

Nianze na kilichomo ndani ya boksi. UPS nyingi za madukani, zile za VA 650 mpaka 1000 zinazokaa chini ya meza za kompyuta, hazitengenezi umeme wowote wakati wa ukutani upo. Umeme unaingia, unapita kwenye kichujio kidogo cha koili na kapasita, unapita kando ya varista ambayo kazi yake ni kumeza mshtuko wa ghafla, kisha unatoka. Kilichoingia ndicho kinachotoka. Betri iko pembeni inachajiwa, inasubiri zamu yake. Zile zilizoandikwa Line Interactive zina nyongeza moja ya maana: transfoma yenye njia kadhaa za kutokea. Umeme ukishuka, relei inagonga "tak", na volti zinapandishwa kwa asilimia 10 hadi 15 hivi. Hata hapo wimbi ni lilelile la ukutani, limeongezwa kimo tu.

Umeme ukikatika mambo yanageuka. UPS ya bei ya chini inatoa wimbi la ngazi. Nilimwonyesha mzee kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la umeme kwenye kioo: linaruka juu, linakaa, linarudi sifuri, linaruka chini, linakaa. Transfoma ya ampli yake iliundwa kwa wimbi linalopanda na kushuka taratibu. Ukiipa kuta zilizosimama wima, bati na nyaya zake zinatetemeka, na ndiyo maana ilikuwa inalia hata bila spika. Kwa maneno mengine, umeme wa betri ya UPS ya namna hiyo ni mchafu kuliko ule wa ukutani unaoukimbia. Kompyuta haijali, kwa sababu pawa saplai yake inaugeuza umeme kuwa DC, umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, mlangoni tu. Ampli yenye transfoma inajali.

(Nikipima umeme wa ukutani kwa osiloskopu, natumia transfoma ndogo ya kushusha volti. Kile kibanio cha ethi (njia ya umeme kwenda ardhini) cha osiloskopu ukikigusisha kwenye waya wa moto, umefanya shoti. Usijaribu.)

Sasa mvumo. Watu wakisikia mvumo wanasema umeme ni mchafu. Mimi huwaomba kwanza wausikilize vizuri, kwa sababu kuna mivumo miwili na kila mmoja una asili yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Daraja la dayodi ndani ya ampli, linalogeuza umeme kuwa DC, hukunja wimbi hilo, kwa hiyo kinachobaki baada yake ni hezi 100. Kama unapiga gitaa la besi, uzi mwembamba wa G ukiupiga wazi ni hezi 98: mvumo wa hezi 100 uko karibu sana na noti hiyo. Wa hezi 50 uko oktava moja chini yake. Wa juu mara nyingi unatokana na kapasita kubwa za ampli, zile za kulainisha umeme, zilizokauka, na UPS haiwezi kufufua kapasita. Wa chini mara nyingi unatokana na ethi.

Kwa mzee ilikuwa ethi. Ampli yake ilikuwa imeungwa plagi ya pini tatu, kwa hiyo bodi lake, yaani ganda la chuma, liliguswa na ethi ya nyumba. King'amuzi kilikuwa kimeunganishwa kwenye ampli kwa waya wa sauti, na waya wa dishi unapanda hadi kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa uani. Hapo kuna njia mbili za kwenda ardhini. Zinatofautiana kwa volti kidogo mno, lakini tofauti hiyo inatosha kupitisha mkondo kwenye ganda la waya wa sauti, na ampli inaukuza pamoja na muziki. Nilichomoa waya wa dishi, kukawa kimya. Nikaurudisha, mvumo ukarudi. UPS inapitisha ethi moja kwa moja kutoka ukutani hadi kwenye matundu yake, hata zile za bei kubwa, kwa hiyo mzunguko ule ulibaki mzima. Dawa ilikuwa transfoma mbili ndogo za kutenganisha, moja kwa kila upande wa stirio, kati ya king'amuzi na ampli. Zinaenea kwenye kiganja.

Kuna mafundi wanaokata waya wa ethi kwenye plagi ili mvumo uondoke. Mvumo unaondoka kweli. Siku waya wa moto ukigusa bodi la ampli, ethi ndiyo ingekata fyuzi, na sasa haipo. Atakayegusa kitufe cha sauti ni mtoto wako. Naomba sana, msikubali kazi ya namna hiyo.

Nilipima volti pia. Saa mbili usiku, majirani wote wakiwa na friji, pasi na feni, nilisoma 187. Hapa ndipo penye hasara halisi ya sauti, na ndipo kifaa cha kurekebisha umeme kinapostahili pesa yake. Ampli ya transfoma haina namna ya kujirekebisha: volti za ukutani zikishuka, za ndani zinashuka vilevile. Nguvu inafuata mraba wa volti, kwa hiyo ampli ya wati 50, kwa volti 187 badala ya 230, inabaki na wati 33 hivi. Ukiongeza sauti kama ulivyozoea, inafika dari mapema, vichwa vya mawimbi vinakatwa, na twita, spika ndogo za sauti nyembamba, ndizo zinazoungua. Watu hudhani twita huungua kwa sababu ampli ina nguvu mno. Mara nyingi nimezibadilisha kwa sababu ampli ilikuwa na nguvu kidogo na imekamuliwa.

Kuna jambo la pili, la ndani zaidi. Sehemu ya priampli, yenye kazi ya kukuza sauti ndogo ya santuri, hulishwa na reguleta, sakiti inayoshikilia volti zisibadilike, tuseme ya volti 15. Ili ifanye kazi inahitaji kupewa kama volti 17 na zaidi. Mtengenezaji akiipa 20, kuna nafasi ya kutosha. Kwa volti 187 ukutani, zile 20 zinakuwa 16 na kitu. Reguleta inashindwa kushikilia, na mvumo wa hezi 100 unapenya moja kwa moja kwenye muziki. Mteja atakwambia ampli yake inavuma usiku tu, mchana ni nzima. Anasema kweli kabisa. UPS ya Line Interactive ikiongeza asilimia 15 inafika volti 215, na mvumo huo unakwisha. Stabilaiza nzuri, kifaa cha kusawazisha volti kisicho na betri, inafanya hivyohivyo.

Kwa hiyo ni UPS ipi inayosafisha kweli? Ni ile iliyoandikwa Online. Hiyo inageuza umeme wote wa ukutani kuwa DC wakati wote, kisha inautengeneza upya kuwa wimbi laini. Ukutani volti zikicheza, vilele vya wimbi vikiwa vimebapa kwa sababu ya chaja na taa za LED za mtaa mzima, wewe unapata 230 na wimbi laini. Umeme ukikatika hakuna kuhamia kwenye betri, kwa sababu betri imeungwa katikati ya njia. Lakini ina feni isiyozimika, na feni sebuleni ni kelele ambayo hukuwa nayo. Inatumia umeme kwa ajili yake yenyewe saa zote. Na sakiti zake zinazokatakata umeme kwa kasi zinaweza kuchafua redio ya AM iliyo karibu. Mwenye kusikiliza kwa sauti ya wastani, kwenye umeme usioshuka sana, simshauri ainunue kwa ajili ya ampli.

Kuna mtu mmoja niliyemshauri aichukue bila kusita. Ndugu yake alimletea pleya ya santuri kutoka Marekani. Alinunua transfoma ya kushusha 230 kuwa 120, akawasha, na waimbaji wote wakawa na sauti nzito kama wamelala. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, na pleya nyingi za zamani zina mota inayofuata hezi, si volti. Kwa hezi 50 sahani inayopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika inazunguka chini ya mara 28, na wimbo unashuka kama nusu toni tatu. Transfoma haibadilishi hezi. Baadhi ya UPS za Online zinaruhusu kuchagua 50 au 60, na pleya yenyewe haifikishi hata wati 20. Tulichagua 60, tukaichomeka transfoma yake kwenye matundu ya UPS, na wimbo ukarudi mahali pake. Ndiyo sababu pia santuri ikichezwa kwa jenereta ya kawaida sauti inayumba kila friji inapowaka: injini inalemewa, inapunguza mwendo, hezi zinafuata.

Kwa anayenunua: VA si wati. Ya VA 650 mara nyingi inabeba wati 360 hadi 390. Ampli ya kawaida nyumbani haifiki huko, lakini transfoma ya mviringo inapowashwa inavuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo, na UPS ikiwa kwenye betri inaweza kuzima kwa kuelemewa. Washa ampli umeme ukiwepo. Weka UPS mbali na pleya: priampli ya santuri inakuza hezi 50 kama mara 700, na transfoma ya UPS iliyo jirani itasikika. Usiiweke juu ya ampli pia, kwa sababu joto linaua betri. Kila nyuzi 10 zinapoongezeka juu ya 25, umri wake unapungua kama nusu, na Dar chumba chenyewe tayari kiko 30.

Ukitaka kuijaribu, zima swichi ya soketi, usichomoe plagi. Ukichomoa, umeondoa na ethi.

Kwa mzee, UPS sasa inalisha king'amuzi, televisheni na modemu. Ampli na pleya tumeziweka kwenye stabilaiza. Nilirudi Jumamosi usiku kupima: ukutani 191, kwenye ampli 226. Alikuwa ameshaweka santuri tayari, akaniambia nikae kwanza.