Kutoa kuta kwenye ofisi za kushea hakuwafanyi watu waongee zaidi

Wengi wanaamini ofisi za kushea zikitolewa kuta basi watu watashirikiana zaidi, hata wanafunzi wa usanifu majengo huchora ukumbi mmoja mkubwa wakidhani kazi imeisha. Ila kuna tafiti zilizopima kabla na baada ya kutoa kuta zikakuta maongezi ya ana kwa ana yamepungua, watu wanatumiana meseji zaidi (na meza zimepakana!). Shida kubwa ni kelele, maongezi ya kawaida ni kama desibeli 60 (kipimo cha ukubwa wa sauti) na zege na vioo vinairudisha sauti badala ya kuimeza, ndo maana siku hizi wanaweka vibanda vya simu na mazulia. Unataka kucheki kelele za ofisi yako? Piga kofi moja usikilize mwangwi, afu hesabu waliovaa hedifoni.