Mionzi yenye mapengo haijakosewa

Wengi hudhani mionzi ya saratani lazima ienee sawasawa kwenye uvimbe kama rangi ukutani. Pakibaki pengo, saratani imeachwa. Si lazima. Mwaka 1909 daktari Mjerumani Alban Köhler alipitisha eksirei kwenye wavu wa chuma, ngozi iliyokingwa na nyaya isaidie kuponya iliyoungua kando yake.

Kwa protoni, chembe za kiini cha atomi zinazotumika badala ya eksirei, jambo hili linanoga zaidi. Mpangaji wa mionzi, akiwa mbele ya kompyuta, hutandaza miale myembamba iliyoachana, tuseme kwa milimita chache. Ngozini dozi huwa na vilele (penye mionzi mingi) na mabonde (penye mionzi kidogo). Lakini protoni hutawanyika kadiri zinavyozama: mwale unanenepa, mabonde yanajaa. Basi miale ile ile iliyoacha mapengo ngozini inaweza kuufunika uvimbe ulio ndani karibu wote, kisha ikakomea hapo, nyuma yake pasifike kitu cha maana. Ukiiachanisha zaidi, mabonde hubaki hadi ndani ya uvimbe, na hapo ndipo wagonjwa hushtuka. Wasichoambiwa ni kwamba wavu huu, ambao kwa uvimbe mkubwa mara nyingi hupigwa mara moja tu, kwa kawaida hufuatiwa na mionzi ya kawaida isiyo na mapengo.