Kinjeketile hakuiona Mahenge

Kila ninapoanza kufundisha tamthilia ya Kinjeketile, wanafunzi hufungua daftari na kuandika kile kile walichokinakili kwenye mwongozo: Ebrahim Hussein, alizaliwa mwaka 1943, Kilwa. Wanapiga mstari, wanairuka dibaji, wanakimbilia wahusika na dhamira. Maisha ya mwandishi yameishia hapo.

Mimi huwarudisha kwenye tarehe moja. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe, kule Mohoro. Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani ndiyo kwanza vilikuwa vimeanza. Pamba ya wakoloni ilikuwa imeng'olewa kule Nandete, Umatumbini, mwishoni mwa Julai. Boma la Mahenge lilishambuliwa tarehe 30 Agosti, na hapo bunduki za rasharasha ziliwafyeka watu walioamini kwamba kwa dawa ya maji waliyopewa risasi zitageuka maji. Hesabuni wenyewe, huwa nawaambia. Aliyewapa watu dawa ile alikuwa ameshazikwa karibu mwezi mzima kabla ya Mahenge. Hakuyaona maji yakishindwa.

Katika tamthilia anayaona. Hussein amemwacha hai hadi vita vinashindwa, kisha akamtia gerezani, mahututi kwa mateso, pamoja na Kitunda, yule aliyewafundisha watu kupigana.

Je, mwandishi alikosea historia? Haiwezekani, na hapa ndipo maisha yake yanapotusaidia. Tamthilia ilitoka mwaka 1969, naye ana miaka 26, amesomea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka mmoja tu nyuma, wanafunzi wa historia wa chuo hicho hicho walikuwa wakizunguka vijijini kuwahoji wazee juu ya Maji Maji. Habari zilikuwa mezani. Isitoshe, yeye mwenyewe anatuambia waziwazi kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia, ni kiumbe cha fikra. Ndiyo maana nakasirika wanafunzi wanapoiruka dibaji.

Sasa tazameni alikuwa anaandika katika nchi gani. Nyerere alikuwa amevitaja vita vya Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1956, kama ushahidi kwamba watu hawa hawakuwahi kuukubali utawala wa mgeni. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili. Maji Maji yalikuwa chimbuko la umoja wa taifa, na mtu yeyote angeweza kuandika mchezo wa kushangilia mashujaa, apigiwe makofi, arudi nyumbani. Hussein aliuheshimu umoja ule. Anatuonyesha Mkichi, Mrufiji na Mzaramo wakitazamana kwa mashaka, halafu wanakuwa kitu kimoja. Lakini akauliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: neno lililowaunganisha likiwa si kweli, nani atalijibia? Mtu aliyenyongwa tarehe 4 Agosti hawezi kulijibu. Ilibidi aishi.

Kuna mahali pengine ambapo asiyemjua mwandishi hupita bila kugeuka. Kinjeketile akiwa amepandwa na Hongo, yule pepo, anawaahidi watu ushindi, kisha anatamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Anapozinduka na kuelewa alichosema, anashtuka. Tumtoe Mjerumani ili tumrudie Sultani? Kilwa, alikozaliwa Hussein, iliwahi kuwa chini ya masultani wa Zanzibar, na katika karne ya 19 watumwa wengi walipitishwa bandarini pale. Na anayeandika haya anaandika miaka mitano tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Kwa mtu wa pwani, jina lile si pambo la zamani. Ni swali la uhuru wenyewe: kumwondoa bwana mmoja ni kuwa huru, au ni kubadilisha bwana?

Jambo moja nalikataza darasani. Nimesahihisha insha nyingi zinazosema maji ni Ujamaa na Kinjeketile ni Nyerere, kwisha. Huko si kusoma siasa ya mwandishi, ni kubandika majina. Tamthilia inabana kuliko hapo kwa sababu Kinjeketile hadanganyi kwa makusudi: analiamini neno, baadaye analitilia shaka, na wakati anasitasita watu wameshalichukua na kwenda nalo vitani. Atakayesoma tamthilia zake nyingine, Mashetani ya mwaka 1971, kisha Arusi ya mwaka 1980, ataliona swali hilo likizidi kuwa chungu mwaka hadi mwaka. Mwaka 1969 bado lina matumaini ndani yake.

Onyesho la gerezani hatulisomi kimya. Nawaketisha wanafunzi wawili sakafuni, mikono imefungwa kwa kanga, wengine wanazunguka. Wajerumani wanataka Kinjeketile aseme maji yalikuwa uongo. Muhula uliopita msichana mmoja aliinua mkono kabla hatujamaliza: "Mwalimu, si anajua hayakufanya kazi? Aseme tu."

Nikamwambia asome jibu yeye mwenyewe. Akasoma: akikiri, kesho Wajerumani watawaambia watoto kwamba wazee wao walikosea kupigania haki yao. Alipofika kwenye watoto akapunguza sauti, akawatazama wenzake waliomzunguka, kisha akaendelea.