Bombay haikuwa mahari

Nimekutana nayo tena wiki hii, kuhusu Bombay, Mumbai ya leo huko India: "Ureno iliitoa Bombay kama mahari." Tukio ni la kweli. Neno ndilo silo.

Mahari hutoka kwa muoaji. Katika Uislamu, ambako neno lenyewe limetujia, ni haki ya mke mwenyewe. Na huko bara ng'ombe wanaswagwa kwenda kwa wakwe, hawaswagwi kurudi. Sasa soma mkataba wa 1661. Anayeolewa ni Catherine wa Braganza, dada yake mfalme wa Ureno. Anayeoa ni Charles II wa Uingereza. Wanaotoa ni kina Catherine: mji wa Tangier huko Moroko, fedha nyingi, na kisiwa cha Bombay. Anayepokea ni bwana harusi!

Wareno waliita dote. Wasemaji wa Kiurdu wana jahez, na hapo ndipo ninapopapenda, maana asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya vifaa, lilelile lililotupa jahazi. Wala si ajabu kwetu: chombo ni sufuria ya jikoni, na chombo ndicho kinachotweka tanga. Jahez ni vile vyombo anavyoondoka navyo binti kwao.

Ila Catherine hakuondoka na Bombay mkononi. Gavana wa Kireno kule Goa aligoma kuikabidhi, akihofia Waingereza wakishatia mguu pale Wareno wamekwisha India. Sir Abraham Shipman, aliyetumwa na Charles kuipokea, na askari wake wakaachwa kwenye kisiwa kidogo cha Anjediva, wakafa mmoja mmoja kwa maradhi, na Shipman mwenyewe akafia hapohapo. Bombay ilikabidhiwa Februari 1665, kwa waliobaki. Miaka mitatu baadaye Charles akaipangisha kwa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza, kwa pauni 10 kwa mwaka. Catherine hakuulizwa, sembuse Wakoli, wavuvi waliokuwa wakitandaza nyavu zao pale kabla ya Mreno na Mwingereza.

Kwa hiyo ndugu mwandishi, kosa hili linasameheka, kwa kuwa kamusi nyingi zimeliweka neno la Kiingereza dowry na mahari bega kwa bega. Andika tu "mali aliyoolewa nayo Catherine". Maneno yanaongezeka kidogo, lakini msomaji ataona nani alimpa nani.