Omu 50 inaweza kuwa nzito kuliko omu 250

Juzi alasiri kijana wa Kisauni aliingia karakanani kwangu, hapa Mombasa karibu na Marikiti, na hedifoni aina ya HiFiMAN HE-6 aliyoachiwa na mjomba wake aliyerudi Dubai. "Fundi, hii imekufa. Sauti ndogo, dumbaki halipigi kabisa." Nikamuuliza anaisikilizia wapi. Kwenye simu, kwa kile kidude cha USB-C cha kuchomekea hedifoni. "Si ni omu 50 tu? Dukani wameniambia chini ya omu 100 haitaki ampu ya kukuza sauti."

Ni mara ya nne mwezi huu kuyasikia maneno hayo, na kila mara kuna mtu amepoteza pesa kwa ajili yake. Basi naandika.

Omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, hazisemi kama hedifoni ni nzito au nyepesi kusukuma. Zinasema volti fulani itavuta mkondo kiasi gani, basi. Ukitaka kujua sauti itakayotoka, soma na sensitiviti: desibeli ngapi kwa miliwati 1. HE-6 ni 83.5. Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250, ambayo watu huiogopa, ni 96. Sasa chukua kidude cha volti 1. Kwenye DT 770 volti hiyo ni miliwati 4, na unapata desibeli 102. Kwenye HE-6 ni miliwati 20, nguvu mara tano, na bado unaishia desibeli 96 na nusu. Omu 250 imeishinda omu 50, kwa kidude kilekile!

Tuseme unataka vilele vya muziki vifike desibeli 110. Taarabu iliyorekodiwa vizuri ina vilele vya ghafla: kidole kikigonga dumbaki, au udi ukikwanyuliwa kwa nguvu. DT 770 itataka miliwati 25 hivi, yaani volti 2.5 na miliampea 10. Ampu ndogo ya betri ya volti 9 inaiweza bila taabu. HE-6 itataka kama miliwati 450: volti 4.7, miliampea 95. Hapo ampu hiyo inakwama mara mbili, kwanza volti zinaisha na vilele vinakatwa (wimbi la sauti huenda juu na chini, kwa hivyo betri haitoi hata nusu ya volti zake), pili opampu, ile chipu ya kukuza sauti ndani yake, haina mkondo huo. Na ampu ya betri moja ya lithiamu ya volti 3.7, isiyo na saketi ya kupandisha volti, haifiki hata volti 1.5. Itasukuma hedifoni ya omu 32 vizuri sana, lakini mbele ya omu 300 itachoka mapema. Ampu hizo mbili zinauzwa kwa jina moja, ampu ya mfukoni. Kwa hivyo ukiniuliza "ampu gani nzuri?" nami nitakuuliza: ya hedifoni gani?

Tangazo la ampu likisema "miliwati 300", tazama ni kwa omu ngapi. Miliwati 300 kwa omu 32 ni volti 3.1. Volti hizohizo kwa omu 300 ni miliwati 32 tu.

Linaloniudhi kuliko yote ni hili. Mtengenezaji mmoja huandika desibeli kwa miliwati, mwingine huandika desibeli kwa volti, kisha muuzaji anazipanga namba hizo kwenye jedwali moja kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa hedifoni ya omu 32, volti 1 ni miliwati 31, tofauti ya desibeli 15. Yaani 112 kwa volti na 97 kwa miliwati ni hedifoni ileile! Kwa omu 300 tofauti ni desibeli 5. Nimeona watu wakirudisha hedifoni nzima, zisizo na kasoro, kwa sababu ya jedwali kama hilo. Kabla hujalinganisha, tafuta kizio. Kama hakikuandikwa, namba hiyo haina faida kwako.

Kuna pia impidensi, yaani omu, ya tundu la ampu lenyewe. Iafoni, ile ya kuingia ndani ya sikio, yenye spika ndogo kadhaa inaweza kuwa omu 10 kwenye masafa fulani ya sauti na omu 40 kwenye mengine. Ichomeke kwenye ampu yenye tundu la omu 10, na sehemu moja ya muziki itashuka desibeli 4 kuliko nyingine. Hiyo si "ladha ya ampu", ni mgawanyo wa volti. Hedifoni za sumaku bapa kama HE-6 haziathiriki hivyo, maana impidensi yao haishuki wala haipandi.

Wengi hushika kanuni kwamba tundu lisizidi moja ya nane ya omu za hedifoni. Naifuata kwa iafoni. Kwa hedifoni ya Sennheiser HD 600 nina shaka nayo: hata tundu la omu 120 huongeza besi kwa desibeli 1 hivi tu, na kwa nyimbo za zamani zilizorekodiwa kwa besi nyembamba mimi naipenda hivyo. Sioni kwa nini niite kosa.

Na nikiri jingine. Niliwahi kuapa kwamba ampu moja ina uimbaji laini kuliko nyingine. Nikapiga toni ya hezi 60 ili kusawazisha volti zake kwa mita, kisha mwenzangu akabadilisha ampu hizo bila kuniambia. Sikuzitambua. Tangu siku hiyo siamini ulinganisho wowote usiosawazishwa, pamoja na wangu.

Upande mmoja wa hedifoni ukififia, safisha jeki kwanza. Chumvi ya bahari yetu huila haraka.

Kijana nilimchomekea HE-6 yake kwenye ampu ya mezani. Dumbaki likapiga, akavua hedifoni akaitazama. Nikamwambia hii ibaki nyumbani, iko wazi nyuma, sauti huvuja, tena ina njaa ya mkondo. Kwa matatu ya Kisauni na kile kidude chake, atafute ile DT 770 ya omu 250.