Kubadilishana nyumba wakati wa likizo: maana yake na jinsi kunavyofanyika

Familia mbili zinakubaliana: nyinyi mtakaa kwetu, sisi tutakaa kwenu, na hakuna atakayemlipa mwenzake kodi. Huko ndiko kubadilishana nyumba. Si kupangisha, kwa sababu malazi hayalipiwi kwa pesa. Wala si kumkaribisha mgeni kwa namna tuliyoizoea, kwani mwenyeji mwenyewe hayupo.

Jambo hili ni la zamani kuliko intaneti. Intervac, mtandao wa watu wanaobadilishana nyumba, ilianzishwa mwaka 1953 na walimu wa Ulaya, watu wenye likizo ndefu na mshahara usiomudu hoteli ya mwezi mzima. Nyumba ziliorodheshwa kwenye vitabu vilivyotumwa kwa posta, na waliopendezwa wakaandikiana barua. HomeExchange, mtandao mwingine wa aina hiyo aliouanzisha Ed Kushins huko Marekani mwaka 1992, nayo ilianza na orodha ya kuchapishwa kabla ya kuhamia mtandaoni.

Anayeisikia habari hii mara ya kwanza huuliza: je, wakiniharibia vitu? Jibu limo kwenye mpango wenyewe. Anayelala kitandani kwako anajua kwamba nawe umelala kitandani kwake, na sahani zake zimo mikononi mwa watoto wako. Nipe nikupe hiyo humtuliza mtu kuliko mkataba wowote, ingawa mkataba nao uandikwe.

Lakini si lazima familia zisafiri siku zilezile. Wenye nyumba ya pili wanaweza kupokea wageni mwezi huu na kwenda kwao miezi kadhaa baadaye. Kuna pia mfumo wa pointi: unampokea mtu, unapata pointi, kisha unazitumia kukaa kwa mtu mwingine kabisa ambaye hajawahi kufika kwako. GuestToGuest, kampuni ya Ufaransa iliyoinunua HomeExchange mwaka 2017, ilikuzwa na mfumo huo. Pointi zinarahisisha mno kupata nyumba, ila zinailegeza ile nipe nikupe, kwa kuwa uliye nyumbani kwake hana chako mkononi. Ndiyo maana hapo maoni ya waliotangulia, amana na mazungumzo ya video kabla ya kukubaliana huwa na uzito zaidi.

Kinachoamua kama mtaachana kwa heri mara nyingi ni karatasi ya maelekezo. Andika yale ambayo wewe huyaoni tena kwa mazoea: kitasa cha mlango wa nyuma kinachotaka kuinuliwa kidogo ndipo ufunguo uzunguke, swichi ya hita ya maji iliyojificha nyuma ya kabati, siku ya kutoa takataka, jirani mwenye ufunguo wa akiba. Wachie wageni nafasi tupu kabatini na kwenye jokofu. Vitu vya thamani na nyaraka, fungia chumba kimoja na uwaambie wazi kwamba hicho hakifunguliwi. Hakuna atakayeona umemtukana.

Kuna mambo mawili ya kisheria yasiyosubiri. Mpangaji aombe kwanza ruhusa ya mwenye nyumba. Na mwenye bima aiulize kampuni yake kama inafidia hasara iliyosababishwa na mgeni asiyelipa. Mkibadilishana na gari, aulize pia kama dereva mwingine anaruhusiwa.

Wanaosema ni bure wanazidisha. Nauli na chakula ni vyako, mitandao mingi hutoza ada ya uanachama ya mwaka, na kuna usafi wa kabla ya kuondoka, ambao binafsi naona ndiyo kazi nzito kuliko zote. Kinachookolewa ni gharama ya malazi, na kwa familia yenye watoto wengi hicho si kidogo.

Mwisho, kubalianeni mapema itakuwaje upande mmoja ukiugua au ukifiwa na safari ikavunjika. Swali hilo liulizwe kabla ya yeyote kukata tiketi ya ndege.